Mabawa yanayopitisha mwanga: anza na kilicho nyuma yake

Nawaandikia wadogo zangu mnaoanza kuchora kwa kompyuta au kwa simu hapa Goma, hasa mnaopokea kazi ndogondogo za kadi za sikukuu ya kuzaliwa. Siku hizi mama mtu anataka binti yake achorwe kama fe, yule msichana wa hadithi za Ulaya mwenye mabawa mgongoni. Gauni halina shida, nywele ni mazoezi tu. Kazi iko kwenye mabawa.

Anayeanza hufungua tabaka jipya (yaani karatasi angavu ya kuchorea juu ya picha; kalke, kama wengi wetu tunavyosema kwa sababu programu zetu ziko kwa Kifaransa), hupaka bawa jeupe, hushusha ukolevu wa tabaka, yaani kiasi linavyoficha kilicho chini yake, hadi asilimia 30, na kwake kazi imekwisha. Anachopata ni msichana aliyebandikwa vipande vya sashe ya plastiki. Kitu kinachopitisha mwanga hukitambui kwa rangi yake, unakitambua kwa namna kinavyobadilisha vitu vilivyo nyuma yake. Ukichora bawa kwanza na mandhari baadaye, unachagua rangi gizani.

Kama huniamini, subiri mvua inayotoa kumbikumbi. Kesho yake asubuhi okota bawa moja chini ya taa, maana huyaacha mengi. Liweke juu ya karatasi nyeupe: utaona mishipa, ukingo, na weusi kidogo wa kahawia. Sasa lihamishie juu ya jiwe jeusi la volkano, ambalo mji huu haujawahi kukosa, kisha liinamishe polepole kwenye jua. Hapo ndipo kijani na waridi hafifu hujitokeza, vikitembea kadiri unavyoligeuza. Bawa ni lile lile. Utando wake ni mwembamba mno, na mwanga unaorudi kutoka uso wa juu hukutana na ule unaorudi kutoka uso wa chini. Rangi nyingine hupata nguvu, nyingine hufutana. Kwenye karatasi nyeupe rangi hizo zipo pia, ila mwanga mwingi wa karatasi unazimeza.

Hilo ndilo linaloamua utumie modi gani ya kuchanganya tabaka, yaani namna rangi zake zinavyoungana na zilizo chini yake. Programu huhesabu mwangaza wa kila nukta kati ya 0, ambayo ni nyeusi, na 1, ambayo ni nyeupe. Modi ya kuzidisha hufanya kile kile jina linachosema: 0,8 mara 0,5 ni 0,4, kwa hiyo matokeo hayawezi kung'aa kuliko yaliyokuwepo, na nyeupe haibadilishi kitu. Modi ya skrini ni kinyume chake: inaangaza tu, na nyeusi haibadilishi kitu. Mtoto akisimama mbele ya ziwa usiku, na wekundu wa volkano ya Nyiragongo mawinguni, rangi za utando ziwekwe kwa skrini nazo zitawaka zenyewe. Kadi ikiwa nyeupe, skrini haina la kufanya, kwani nyeupe haina pa kuangazwa zaidi. Hapo tumia kuzidisha kwa buluu ya kijivu iliyofifia, ikolee kidogo ukingoni, na mishipa ndiyo ibebe umbo.

Angalizo kwa wanaofuata video za Kiingereza huku Photoshop yao ikiwa ya Kifaransa: ile inayoandikwa Superposition ndiyo skrini (Screen). Inayofanana nayo kwa jina upande wa Kiingereza, Overlay, ni modi nyingine kabisa, na kwa Kifaransa imeandikwa Incrustation. Nimewaona watu wakilaumu kompyuta kwa jambo hili.

Umbo lenyewe si gumu. Lipake kwa rangi moja iliyokolea kabisa, ukingo uwe safi, kisha funga uwazi wa tabaka ili brashi isiweze kutoka nje ya umbo. Ukolevu unashushwa baadaye. Ukianza kupaka kwa brashi iliyofifia, kila mpito unaorudia mwingine utaacha doa, na bawa litajaa michirizi usiyoikusudia.

Sasa hapa kaa nami, maana ndipo wengi wanakwama. Fe huwa na mabawa manne, mawili kila upande, na la mbele hulifunika la nyuma sehemu fulani. Ukiweka kila bawa kwenye tabaka lake kwa asilimia 30, pale yanapokutana ukolevu hauwi 30 wala 60. Bawa la kwanza linaacha asilimia 70 ya mandhari, la pili linaacha asilimia 70 ya hiyo 70, yaani 49. Ukolevu wa pale ni 51. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa: mahali penye utando mara mbili pawe pazito zaidi, na jicho la mtazamaji hulielewa hilo bila kuelezwa. Lakini ukiyatia mabawa yote kwenye kundi moja, ukaacha kila moja kwenye asilimia 100 na kushusha ukolevu wa kundi, programu inayaunganisha kwanza ndipo inayafifisha. Mpishano unapotea, na mabawa mawili yanaonekana kama karatasi moja iliyokatwa vibaya. Kundi ni zuri kwa mishipa ya bawa moja. Kwa utando, kila bawa libaki na ukolevu wake.

Mishipa nayo ina utaratibu. Mtazame kereng'ende akitua kwenye majani ya ufukweni: ukingo wa mbele wa bawa una mishipa minene iliyosongamana, kwa kuwa ndio unaokata hewa, na kadiri unavyoelekea ukingo wa nyuma mishipa inakuwa myembamba kama nywele. Karibu na ncha, ukingoni mwa mbele, kuna kidoa cheusi au cha kahawia. Kiweke. Ni mguso mmoja wa brashi, na bawa linaanza kuaminika. Mishipa ikae kwenye tabaka la juu, ukolevu asilimia 70 au 80, maana yenyewe haipitishi mwanga kama utando. Usitumie nyeusi tupu. Chukua rangi ya mandhari na uitie giza. Kisha, na hili husahaulika, gauni na nywele zilizo nyuma ya bawa lazima zionekane kupitia bawa. Ukiona umezifuta, rudi nyuma.

Kuhusu mashine. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi una nukta 2480 kwa 3508, na tabaka moja lililojaa hubeba karibu megabaiti 35 za kumbukumbu. Matabaka 30 ni kama gigabaiti moja, nje ya programu yenyewe. Kwenye kompyuta ya gigabaiti 4 utasikia feni ikilia. Unganisha yaliyokwisha, hasa ya mandhari, lakini hifadhi nakala kwanza. Programu za Krita na GIMP ni za bure na zinatosha kwa kazi hii yote. Na kwa kuwa umeme wetu unaujua, weka hifadhi ya kujiendesha kila dakika 5, usingoje kukumbuka.

Kabla ya kumpelekea mteja, chapisha kipande kidogo cha bawa kwenye mashine ile ile itakayochapa kadi. Mng'ao unaouona unapochora hutoka kwenye taa ya kioo cha kompyuta. Karatasi haina taa, na tofauti ya asilimia 5 kati ya utando na mandhari inaweza kupotea kabisa. Mara nyingi napandisha ukolevu wa mishipa kwa ajili ya chapa peke yake. Kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, la sivyo picha itabanwa na mishipa ya nyuma itageuka ukungu. Ukihitaji mandhari wazi, tumia PNG, maana JPG haihifadhi uwazi.

Faili lenye matabaka libaki kwako. Mama wa mtoto atarudi kuomba kadi ile ile iliyokuwa ya usiku iwe nyeupe, akidhani ni kubofya mara moja. Mwambie mapema kwamba mabawa yatapakwa upya, na umtajie bei yake.