Kutambua koa wa baharini: rangi iache mwisho

Nianze na nyie mnaoingia sasa hivi kwenye hii kazi ya kutambua koa wa baharini, hasa hawa wadogo wa bahari za joto wenye rangi za kupendeza. Ukimwona ana buluu, mistari myeusi na ukingo wa rangi ya machungwa usikimbilie kumpa jina. Mimi nilikimbilia. Mwaka wangu wa kwanza kila koa wa namna hiyo nilimwandika Chromodoris elisabethina, kwa sababu ndo jina la kwanza nililolijua likanikaa kichwani, nikawa na folda zima la picha lina jina hilo hilo. Baadaye mtu aliyenizidi uzoefu akaniambia achana na mistari, kuza ile sehemu ya buluu peke yake uiangalie vizuri. Nikakuza. Kwenye picha nyingine buluu ilikuwa safi kabisa, kwenye nyingine kulikuwa na vidoa vidogo mno vyeusi, kama vumbi la mkaa limemwagika juu yake. Wale wa vidoa ni Chromodoris annae, spishi nyingine kabisa, na bila kukuza huoni kitu. Nikarudia folda zima tangu mwanzo.

Toka siku hiyo rangi naiangalia mwisho. Cha kwanza nataka kujua ni huyu mnyama kajengwaje.

Na hata kabla ya hapo, hakikisha kwanza kama ni koa kweli, maana kuna minyoo bapa ya baharini ina rangi kali vile vile na inawadanganya watu kila siku. Mnyoo bapa ni mwembamba kama karatasi, anateleza haraka juu ya mwamba, na zile unazodhani ni pembe mbele ni ngozi tu imejikunja. Hana matamvua, yaani viungo vya kupumulia, mgongoni. Koa ana mwili mnene kidogo, na wengi wao wana pembe mbili za kweli kichwani ambazo anazitumia kunusa maji. Kuna mnyoo bapa anaitwa Pseudoceros imitatus, huyu kamuiga koa aitwaye Phyllidiella pustulosa mpaka vinundu vya mgongoni, na kuna jongoo bahari wa Pearsonothuria graeffei ambaye akiwa mtoto anafanana na Phyllidia varicosa sana tu. Wanaoigwa wana sumu, wanaoiga wanajificha nyuma ya sifa hiyo. Kwa hiyo mwenye vinundu vya njano na mistari meusi mwangalie mara mbili.

Ukishajua ni koa, tafuta matamvua yako wapi. Hapa pana faida kubwa kuliko kitu kingine chochote nitakachowaambia. Kama nyuma mgongoni kuna kishada kama ua dogo, kimezunguka tundu la haja, huyo ni wa kundi la doridi, na Chromodoris, Goniobranchus, Hypselodoris, Nembrotha wote wako humo. Kama hana kishada ila mgongo mzima umejaa vidole virefu vyororo vinavyotikisika na maji, huyo yuko upande wa aeolidi, na vile vidole si urembo, ndani yake kumepita sehemu ya mfumo wa chakula na kwenye ncha anaweka chembe za kuchoma alizozichukua kwa haidroidi anazokula (wanyama wadogo wanaochoma, wanaoonekana kama mimea), anazihifadhi zikiwa bado zinafanya kazi. Kama huoni kishada wala vidole na mgongo ni mgumu wa vinundu, fikiria Phyllidia na ndugu zake, wao matamvua yako chini ya joho (ile ngozi inayofunika mgongo), pembeni mwa unyayo, yaani sehemu ya chini anayotembelea. Na kama mwili una mbawa mbili za ngozi zimekunjwa juu na yuko kwenye mwani, huyo huenda ni Elysia au Thuridilla, wanyonya mwani, na hao si ndugu wa karibu wa hao wengine hata kama rangi zinashindana.

Sasa kosa la watu wengi, mimi mwenyewe nikiwemo, ni kupiga picha moja tu kutoka juu. Haitoshi jamani. Chukua mfano Phyllidia varicosa na Phyllidia coelestis, kwa juu wote wana buluu, nyeusi na vinundu vya njano, unaweza kubishana usiku kucha. Chini ya unyayo varicosa ana mstari mweusi wa kwenda urefu, coelestis hana. Basi. Sasa utaujuaje unyayo kama hukupiga? Simaanishi umbandue kwenye mwamba, usimbandue, subiri apande ukingo wa jiwe au anyanyue kichwa akitafuta pa kwenda, hapo unyayo unaonekana na wewe unapata picha. Na hao Phyllidia usije ukawaweka kwenye chombo kimoja na wanyama wengine, wakisumbuliwa wanatoa sumu na wenzao wanakufa humo.

Ukiwa chini ya maji kwa hiyo piga juu, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, pembe kwa karibu, matamvua kwa karibu, ukingo wa joho. Pembe na matamvua vipige kabla hujamkaribia sana kwa sababu doridi wengi wakishtuka wanavirudisha ndani ya mifuko yao na hapo unabaki na kitu kama pipi kimelala. Washa taa pia, maana ukifika mita 10 nyekundu imeshafifia na utaandika kahawia mahali penye nyekundu. Weka kitu cha kupimia urefu karibu naye, pima akiwa anatembea, akijikunja anakudanganya.

Ukingo wa joho ndo sehemu naipenda kuliko zote. Mikanda ya pale huwa imepangwa kwa utaratibu, na wewe ihesabu kutoka nje kuingia ndani, iandike kwa mpangilio huo huo. Goniobranchus geminatus na Goniobranchus kuniei wote wana madoa ya zambarau na wote wana tabia ya kuinua joho na kulishusha wakitembea, lakini doa la geminatus limezungushiwa nyeupe na la kuniei limezungushiwa buluu hafifu. Nembrotha kubaryana ana rangi ya machungwa au nyekundu kwenye ukingo wa unyayo, Nembrotha cristata pale ana kijani. Ni vitu vidogo hivyo hivyo.

Andika pia amekaa juu ya nini. Chromodoris wanakula sponji, Nembrotha wanakula askidia (wanyama kama vifuko vinavyong'ang'ania mwambani), aeolidi wengi wako kwenye haidroidi, na jina la chakula mara nyingi linakupunguzia nusu ya majina unayoyafikiria.

Majina yenyewe yanabadilika, msichanganyikiwe. Mwaka 2012 familia ya Chromodorididae ilipangwa upya kwa kutumia vinasaba, wengi waliokuwa Chromodoris wakahamia Goniobranchus, Risbecia wote wakaingia Hypselodoris. Kwa hiyo ukikuta kitabu cha zamani kinasema Chromodoris geminata, ni yule yule. Halafu 2018 ukatoka utafiti wa vinasaba vya Chromodoris wa bahari ya Hindi na Pasifiki, ukaonyesha spishi moja inaweza kuvaa mavazi tofauti sehemu tofauti, na spishi mbili za sehemu moja zikavaa vazi linalofanana. Mimi hilo liliniingia sana, ndo maana nikiwa sina unyayo, sina pembe, sina buluu iliyokuzwa, naandika Chromodoris sp., yaani spishi sijaijua, na tarehe na kina na sponji aliyokaa, naishia hapo.

Kwenye lile folda la mwanzo zimebaki picha nne ambazo ziko hivyo hadi leo. Zote nilizipiga kutoka juu.