Maktaba ya kidijitali kwa chuo kidogo

Mwalimu, umeuliza kama chuo chenye mkutubi mmoja na bajeti ya kuungaunga kinaweza kuwa na maktaba ya kidijitali. Kinaweza, ila usianze na vitabu vya dukani, hakimiliki itakukaba. Anza na mali yenu: tafiti za wanafunzi, mitihani ya zamani, ripoti.

DSpace, programu ya kuhifadhi na kutafuta hati, ni ya bure, ilitoka 2002 kwa chuo cha MIT na kampuni ya HP za Marekani, lakini inataka fundi wa seva. Kama hamna, chukueni programu ya Greenstone ya Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand. Inakaa kwenye kompyuta ya kawaida, na wanafunzi watasoma kwa mtandao wa ndani hata bando likiisha.

Skani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), kisha pitisha programu ya kutambua maandishi, la sivyo mtabaki na picha zisizotafutika. Na majina! Kwetu mtu mmoja aliandikwa "Juma A." na "Ally Juma", akawa watu wawili, tukarekebisha faili moja moja kwa mkono, wiki tatu. Kubalianeni kwanza jinsi ya kuyaandika. Nakala ya akiba ikae jengo jingine.