Jibu: Kuisoma PDF ya LaTeX ndani ya terminali

Salaam alaykum ndugu yangu wa Wete. Unasema unaingia kwenye seva kutoka mbali, intaneti inajikokota, na unataka kuipitia ripoti ya karafuu uliyoipanga kwa LaTeX (programu ya kupanga maandishi) humo humo kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri.

Andika amri hii; pdftotext hutoa maandishi kwenye PDF, na less huyaonyesha ukurasa kwa ukurasa: pdftotext -layout ripoti.pdf - | less

Angalia kwanza kile kistari kilicho peke yake. Ukikisahau, maandishi yanaingia kwenye ripoti.txt na skrini inabaki tupu. Hilo -layout ndilo linaloshika safu za majedwali.

Kilichonisumbua sana mimi: nikitafuta "afisi" silioni! Kumbe LaTeX huunganisha f na i kuwa herufi moja. Kabla ya less, pitisha maandishi kwanza kwenye sed 's/ﬁ/fi/g', amri inayobadilisha herufi hiyo moja kuwa f na i mbali mbali, ndipo utafute.

Milinganyo ya hesabu huvurugika, na hiyo sijaipatia dawa. Hapo mimi huishusha PDF yenyewe.