Nimeacha chuo mwaka wa pili. Nani ataniamini?

SWALI: Assalaam aleikum dada. Mimi ni kijana wa miaka 22, mzaliwa wa Wete, sasa naishi mtaa wa Amani, mjini Unguja, kwa mjomba wangu. Niliingia chuo kusoma teknolojia ya habari, nikaishia mwaka wa pili. Ada ilikuwa tabu, na kusema kweli darasani nilikuwa nakosa kwa sababu naitwa huku na huku: nyumba ya wageni Jambiani, duka la vifaa vya ujenzi Mwanakwerekwe, ofisi ya mwanasheria Vuga. Nawawekea intaneti, nawatengenezea kompyuta, nawaeleza wanunue nini na wapi. Sasa nataka nijitegemee, niwe mshauri wa teknolojia, nisiajiriwe na mtu. Wenzangu wananiambia hata Bill Gates aliacha chuo. Mjomba anasema bila shahada hakuna atakayeniamini, na mama huko Pemba hataki hata kulisikia jambo hili. Zaidi ya hayo, wengi ninaowafanyia kazi ni watu tunaojuana. Wananipa nauli na chakula cha mchana, basi. Nianzie wapi, na nitoze vipi?
Kijana wa Wete

JIBU: Waaleikumu salaam, mdogo wangu. Umenitajia wateja watatu kwa mpigo, kisha ukaniuliza uanzie wapi. Umeshaanza. Kilichobaki ni kuigeuza hiyo nauli na chakula cha mchana kuwa malipo.

Tuanze na huyo Bill Gates, maana wenzako wamekusimulia nusu. Alipoondoka chuo cha Harvard, Marekani, mwaka 1975, yeye na rafiki yake Paul Allen walikuwa wameshapata kazi ya kampuni iitwayo MITS, ya Albuquerque, kuiandikia kompyuta yake ya Altair programu ya BASIC, lugha ya kuiamrisha kompyuta. Kazi ndiyo iliyomtoa chuoni. Tena aliondoka kwa ruhusa, akijua akishindwa atarudi. Hili la ruhusa wenzako hawalisemi, nalo ndilo linalokuhusu wewe kuliko mabilioni yake.

Kwa hiyo wiki hii rudi chuoni, nenda ofisi ya msajili, uulize habari ya kuahirisha masomo. Anayeahirisha kwa maandishi anabaki na namba yake na matokeo ya mihula aliyomaliza, na anajua mwisho wa kurudi ni lini. Anayepotea kimya kimya, siku akitaka kurudi atahesabiwa mgeni. Na kama ulikuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, wapelekee na wao barua, kwani deni lile halifutiki kwa wewe kutoka darasani. Usione haya. Wanafunzi wanaosimama kwa sababu ya ada ni wengi, na wanaopokea barua hizo wamezizoea.

Mjomba wako naye ana sehemu ya haki. Ukiomba kazi wizarani au benki bila shahada, faili lako halitafika mbali. Lakini mwenye nyumba ya wageni Jambiani hakukuuliza shahada, alikuuliza kama intaneti itafika chumba cha mwisho. Watu wa namna hiyo humwamini mtu ambaye alilolisema limekuwa. Na ili wakumbuke ulisema nini, ni lazima liwe limeandikwa. Nakuomba ulishike hili kuliko yote nitakayokwambia leo: kila kazi uifanyayo, hata ya saa moja, mwachie mteja karatasi.

Nikupe mfano wa kazi yangu mwenyewe, maana ushauri huu ndio ninaoufanya mimi pia. Niliitwa na mwenye hoteli ndogo upande wa mashariki. Wageni wa vyumba vya nyuma walikuwa wakilalamika kuwa wifi haishiki, na yeye alishaamua kununua kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti, cha malipo ya kila mwezi. Alichotaka kwangu nimwambie anunue kipi tu. Nikamwomba kwanza anioneshe ilipo rauta, kile kisanduku kinachogawa intaneti. Ilikuwa baa, juu ya friji ya vinywaji, nyuma ya chupa. Vichwa vya waya vilikuwa vimeota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi, kimoja nilipokigusa kikachomoka. Nikachomeka laptopu yangu kwenye rauta kwa waya mpya na kupima: kasi anayoilipia ilikuwa inafika yote. Tukiwa pale pale umeme ukakatika, jenereta ikawashwa, rauta ikazima na kuwaka, ikazima tena na kuwaka. Nikatembea mpaka vyumba vya nyuma nikiwa na simu mkononi. Kuta zao ni za mawe, nene kama za nyumba za Mji Mkongwe. Hakuna wifi ya juu ya friji inayopenya hapo, hata ukinunua kifurushi cha bei gani.

Ripoti yangu haikufika kurasa mbili. Juu niliandika tarehe na nilichokikuta, pamoja na picha ya ule waya wa kijani. Kisha cha kufanya kwanza: rauta ihamie ofisini ndani ya sanduku lenye matundu ya hewa, iwekewe betri ya akiba ya kuishikilia umeme unapobadilika, na waya upitishwe kwenye bomba hadi vyumba vya nyuma ukawashe vituo viwili vya wifi. Kisha kinachoweza kungoja. Kisha makadirio ya gharama. Na mstari wa mwisho: kifurushi kikubwa usinunue. Mstari huo ndio alionilipia. Waya angeweza kuvutiwa na kijana yeyote.

Umeme nimeutaja kwa makusudi. Sisi tuliokuwa kazini kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa gizani miezi mitatu na kila mwenye uwezo akaishi kwa jenereta, tulitoka na mazoea ya kuangalia swichi na soketi kabla ya kuigusa kompyuta. Yafanye yawe mazoea yako pia.

Sasa malipo. Tenganisha kuangalia na kufanya. Kuangalia ni kwenda, kupima, kuuliza na kuandika, nako kuna bei yake hata kama kazi ya kuvuta waya atapewa mwengine. Kwa nyumba ya vyumba kumi, wewe unayeanza, mimi singeona vibaya ukitaja shilingi 150,000 kwa ukaguzi na ripoti, nauli mbali, nusu kabla ya kwenda na nusu siku unapokabidhi. Ukikubaliana naye kazi ya kufanya, hiyo iandikiwe bei yake peke yake.

Ndugu na jamaa ndio mtihani wenyewe. Visiwa vyetu vidogo. Ukimchunguza mteja sana utakuta ni mtoto wa shoga yake mama yako. Wazazi na watu wa nyumba moja wafanyie bure na usiwahesabie. Waliobaki, waandikie ankara yenye bei kamili, na chini yake uandike punguzo, hata likiwa la nusu, kisha jumla. Akiiona bei kamili kwa macho yake ataijua thamani ya alichopewa, na akimtuma mtu mwengine kwako atamtajia bei hiyo. Ukimfanyia kwa chakula cha mchana bila karatasi, atakayekuja kwako naye atakuja na chakula cha mchana.

Na kuna jambo moja sitalipitia juu juu. Umesema unawaeleza watu wanunue nini na wapi. Wenye maduka watakufuata. Watakwambia, tuletee wateja, na wewe tutakutoa asilimia kadhaa. Usipokee. Siku ukipokea, ushauri wako unakuwa wa mwenye duka, na mteja aliyekulipa hajui. Ukitaka kuuza vifaa, uza kwa uwazi: mwambie rauta hii nimeinunua kwa kiasi hiki, naiuza kwa kiasi hiki, risiti hii hapa. Mjini kwetu habari husafiri kwa mguu, kutoka Darajani hadi Mlandege kabla ya Alasiri. Nimeona mafundi hodari sana wakikosa kazi kwa jambo hili tu, na inaniuma kila nikiwakumbuka, kwa sababu mikono yao ilikuwa mizuri.

Panga mwaka wako kwa msimu. Julai na Agosti, na tena mwisho wa Disemba, hoteli zimejaa na hakuna meneja atakayekuruhusu kuchomoa waya hata mmoja. Masika, Aprili na Mei, nyingi hufunga au hubaki na wageni wachache, na ndipo wanapopaka rangi na kutengeneza. Ukitaka kazi ya masika, barua yako iwafikie Februari. Na angalia Ramadhani imeangukia wapi mwaka huo. Kwenu Wete nako usikupuuze: msimu wa karafuu wenye maduka wanakuwa na fedha mkononi, na wengi wao bado wanaandika madeni kwenye daftari.

Makaratasi ya serikali hayatishi kama yanavyosemwa. Jina la biashara linasajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali. Kuna leseni, na mara nyingi utatakiwa barua ya sheha, kwa hiyo mwone sheha wako mapema. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, hiyo ni ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Kodi nyengine nyingi ziko Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Nenda kote kuwili ukaulize mwenyewe, usitume mtu.

Kusoma usiache. Mitandao ndiyo unayoonekana kuipenda, basi lenga CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco: mtihani mmoja, 200-301, cheti chake hudumu miaka 3. Hawakuulizi shahada. Mtihani una bei kubwa kwa mfuko wako wa sasa, kwa hiyo anza kusoma na uweke akiba kidogo kidogo. Na kwa kuwa rauta za kampuni ya MikroTik utazikuta hoteli nyingi, jifunze kuzipanga kwa mkono, usitegemee kunakili mipango ya mtu kutoka mtandaoni bila kuielewa.

Kwenye ofisi ya mwanasheria na nyumba ya wageni utaona mambo ya watu: hati, nakala za pasipoti, namba za simu. Usiondoke na chochote kwenye flashi yako. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwapo, hiyo ni amana.

Nimemwacha mama mwisho kwa sababu yeye hatakubali kwa simu. Panda boti uende. Chukua barua ya kuahirisha masomo na ankara yako ya kwanza iliyolipwa, na umwombe mjomba mwende pamoja, maana dada yake atamsikiliza zaidi yako. Mama anaogopa kwamba umetupa kitu alichokihangaikia. Mwoneshe kwamba hujakitupa, mwambie tarehe ya mwisho ya kurudi chuoni, na ile pesa ya mwanzo mpe yeye, hata ikiwa ndogo. Kisha rudi ukampigie mwenye nyumba wa Jambiani, umwambie unakwenda kumkagulia na kumwandikia, na umtajie bei.

SWALI: Dada, mimi nina duka la nguo Michenzani. Kijana aliyetuwekea kamera na intaneti amehamia Muscat, na nywila zote anazo yeye. Tufanyeje?
Mama wa Michenzani

JIBU: Mama yangu, shikamoo. Kwanza mtumie ujumbe huyo kijana kwa upole, huenda bado anazo kwenye simu yake na akakupa siku hiyo hiyo. Asipojibu, rauta nyingi zina kitufe kidogo cha nyuma cha kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, lakini usikibonyeze mwenyewe. Ukikibonyeza, mipango ya intaneti nayo inafutika. Ita kampuni inayokuuzia intaneti, ukiwa na kitambulisho na risiti ya mkataba, wakupangie upya. Kinasa cha kamera, kile kisanduku kinachohifadhi picha, kina namba yake ya kiwandani chini yake. Namba hiyo ipige picha umpelekee aliyekiuza kinasa, atakuelekeza namna ya kupata nywila mpya bila kupoteza picha zilizomo.

Atakayekufanyia safari hii, asilipwe fedha ya mwisho mpaka akuandikie nywila zote kwa mkono wake na wewe uzijaribu moja moja mbele yake. Karatasi hiyo isikae dukani. Iweke nyumbani, pamoja na hati ya nyumba.