Uliza Ujibiwe: Rafiki kaniita nikapande naye mlima wa theluji kwa ski, niende?

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni kijana wa Mtwara mjini, naishi Shangani, nimepata nafasi ya kwenda kusoma Tromsø huko Norway mwaka mmoja, natakiwa niwe kule Agosti. Kuna jamaa alikuwa huku kwa mambo ya gesi tukawa marafiki sana, wikiendi tulikuwa tunaenda wote Msimbati, sasa kwao ni hukohuko Tromsø na kaniambia ikifika mwezi wa tatu au wa nne tutapanda mlima kwa ski, vile vibao virefu vyembamba vya kufunga miguuni, sisi wawili tu, siku nzima, hamna lifti ya kuvuta watu juu, tunapanda kwa nguvu zetu afu tunashuka kwa kuteleza. Theluji sijawahi kuigusa. Mama kasikia anasema nitakufa, jamaa anasema mlima wenyewe rahisi tu. Nimsikilize nani, na nijiandae vipi huku kwetu ambako hata baridi hamna?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa chuo. Mi nimesoma kulekule kaskazini na huo mchezo nimeucheza na marafiki zangu, naupenda mpaka leo kwaiyo siwezi kukuambia usiende, ila ujue mama na jamaa yako wanaongelea vitu viwili tofauti. Jamaa anaongelea kupanda. Mama, hata kama theluji hajawahi kuiona, anaongelea mlima.

Kupanda kweli sio kugumu. Chini ya ski unabandika kitu wanakiita ngozi, zamani ilikuwa ngozi kweli ya sili, yule mnyama wa bahari za baridi, siku hizi ni nailoni au manyoya ya mbuzi wa Angora, na manyoya yake yamelalia upande mmoja kwaiyo ukisukuma mbele ski inateleza ukiikanyaga inashika theluji hairudi nyuma. Kisigino kinakuwa huru kama unatembea. Usiinue mguu, burura tu, na tafuta mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzio bila kuhema. Mkifika juu mnabandua ngozi mnaziweka ndani ya koti ili gundi isigande, mnafunga kisigino, ndo mnashuka. Kupanda kunaweza kula masaa matatu manne na kushuka kusifike hata saa moja, lakini hiyo ya kushuka ndo inataka mafunzo maana theluji ya mlima mtupu hakuna mtu aliyeishindilia, sehemu laini sehemu ngumu kama saruji. Usisubiri mwezi wa tatu. Pale Tromsø, upande wa Kroken, kuna kilima chenye lifti, anza hapo mapema ujue kukata kona na kusimama. Usishtuke tu na giza, kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa kule, watu wanateleza kwa taa, ndo maana jamaa kakutajia Machi na Aprili, mwanga unakuwa umerudi.

Sasa twende kwenye hofu ya mama, na hapa nisome taratibu. Kinachoua watu kwenye milima ile ni maporomoko ya theluji. Theluji inaanguka kwa awamu, kila awamu inaacha tabaka lake, na tabaka la chini likiwa dhaifu, chengachenga kama sukari isiyoshikana, halafu upepo ukaweka bamba gumu juu yake, mnakuwa mmekanyaga kitu kinachosubiri uzito tu. Mtu anapita, sukari inabomoka, bamba zima linakatika linashuka naye. Mara nyingi sana anayefukiwa kaliangusha mwenyewe au mwenzake aliye naye ndo kaliangusha, sio kwamba lilijiangukia likamkuta. Miteremko ya hatari inaanzia kama nyuzi 30 na ndo hiyohiyo mitamu ya kuteleza, yaani utamu na kifo vimekaa mteremko mmoja.

Habari njema ni kwamba mlima mzima unaweza kupandwa kwa kufuata sehemu za chini ya nyuzi 30 ambazo hazina mteremko mkali juu yake, maana bamba linaweza kukatika juu likakufuata ulipo. Kwaiyo swali la kwanza kwa jamaa yako sio mlima rahisi au mgumu, muulize njia yetu ina nyuzi ngapi na juu yake kuna nini, akuonyeshe kwenye ramani. La pili muulize tahadhari ya leo inasemaje. Serikali ya Norway inatoa tahadhari kila siku msimu wa theluji kwenye tovuti yao ya Varsom, kwa ngazi 1 mpaka 5, na watu wengi wanadanganyika na ngazi ya 3 kwa sababu iko katikati wanaiona ya kawaida wakati vifo vingi vinatokea kwenye hiyohiyo. Mwanafunzi wa ski hana shughuli na mteremko mkali siku ya ngazi 3. Na mkiwa njiani mkasikia theluji imetoa mlio mzito kama inashusha pumzi chini ya miguu, au mkaona ufa unakimbia mbele ya ski, mrudi kwa njia mliyojia, msijadili.

Afu kuna jambo ambalo wenye uzoefu wengi wanasahau kumwambia mgeni. Jamaa yako anajua mlima, sawa, lakini akifukiwa yeye nani atamtoa? Wewe. Ninyi ni wawili tu. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika kama 10 za mwanzo uwezekano wa kuwa hai ni mkubwa, baada ya hapo unaporomoka haraka kwa kukosa hewa, na helikopta ya uokoaji hata iwahi vipi ni nadra iwahi dakika hizo. Kwaiyo kila mmoja anabeba vitu vitatu, bikoni, yaani kifaa cha mawimbi ya redio cha kutafutana kinachovaliwa mwilini, fimbo ya kukunjua ya kuchomeka kwenye theluji kujua mtu yuko wapi, na beleshi la chuma, sio la plastiki. Bikoni zote zinatumia masafa yaleyale ya kilohezi 457 kwaiyo yako na yake zitasikilizana hata kama ni za kampuni tofauti. Iwashwe tangu kwenye gari, simu ikae mbali nayo sentimita 20 hivi, na ukiwa unatafuta iwe 50 maana simu inaichanganya. Mkague kabla ya kuondoka, kila mmoja asikie ya mwenzie.

Kuwa nayo haitoshi, mwambie akufiche begi lenye bikoni chini ya theluji kwenye uwanja wowote nawe ulitafute mpaka mikono ijue yenyewe, kutafuta, kuchomeka fimbo, ukigusa unaiacha palepale halafu unachimba kwa kuingilia upande wa chini wa mteremko, sio kushuka wima juu ya mtu ukamkandamiza. Rafiki ambaye hataki kufanya mazoezi haya na wewe, mwanangu, usipande naye, hata awe mtu mzuri vipi. Na mkipita sehemu mnayoitilia shaka piteni mmoja mmoja, mwingine asimame sehemu salama anatazama, ili yakitokea abaki wa kumtoa mwenzie.

Wanorway wana kanuni 9 za mlimani ambazo zilisambazwa sana baada ya Pasaka ya 1967 iliyoua watu wengi milimani, na ya 8 inasema rudi mapema, hakuna aibu kugeuka. Kageni kanaona haya kusema turudi. Sema. Kubalianeni kabisa asubuhi kwamba mmoja akisema turudi basi wote wanarudi bila maelezo.

Maandalizi ya huku: miguu na pumzi. Tembea kwenye mchanga wa Msimbati na begi la kilo nane kumi mgongoni, na ukipata nafasi ya kwenda Newala panda ule ukingo wa uwanda wa Makonde kwa mguu, mwendo wa polepole bila kupumzika kila hatua. Nguo angalia mitumba, majaketi ya ski huwa yanakuja kwenye mabelo na watu hawayajui, utalitambua kwa ule mkanda wa mpira ndani kiunoni wa kuzuia theluji isiingie. Ya kuvaa ndani tafuta sufu au ya kitambaa cha michezo, pamba ikilowa jasho inakugandisha. Anza kupanda ukiwa unasikia baridi kidogo, ukianza na joto utalowa nusu saa ya kwanza. Maji weka kwenye chupa ya chai, na beba korosho za nyumbani, zina mafuta mengi, hazigandi mdomoni. Miwani ya jua na losheni ni lazima, ngozi nyeusi nayo inaungua na macho yanaumia vibaya kwa mwanga unaorudi kutoka kwenye theluji.

Mama mwonyeshe hii barua. Atakuwa na maswali, na majibu yake unayo.

SWALI: Anko habari, mi ni mwalimu Newala. Wanafunzi wameniuliza kama kuna Mwafrika anayecheza ski na kama Kilimanjaro inawezekana, nikakosa jibu.

JIBU: Njema sana mwalimu. Waambie mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika Kibo wakatumia ski kushukia. Tangu mwaka huo barafu ya pale juu imepungua zaidi ya asilimia 80, hilo nalo wafundishe. Na jirani yetu Mkenya Philip Boit, mkimbiaji aliyegeukia ski, alishindana kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano 1998 akawa wa mwisho, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri kwenye mstari amkumbatie. Boit baadaye akampa mwanae jina hilohilo la Dæhlie. Lesotho nako kuna kituo cha ski, Afriski, juu kwenye milima ya Maluti.

SWALI: Anko mi ni msichana wa Lindi mjini, nasoma barua za watu wa huko ulaya natamani na mi siku moja. Navaa hijabu, inawezekana na helmeti?

JIBU: Inawezekana vizuri tu mdogo wangu. Tafuta ile ya michezo inayobana kichwa au ya sufu nyembamba, uingize shingoni ndani ya koti lote, isibaki ncha inayoning'inia ikanasa kwenye begi au lifti. Usitumie pini. Helmeti ijaribu ukiwa umeshaivaa hijabu yenyewe, maana saizi itabadilika kidogo, na hakikisha masikio yamefunikwa na bado unamsikia mwenzio akikuita.