Fundi, mbona epoksi haishiki?

*Shikamoo fundi. Mwanangu yuko Naivasha, anaunda boti za faiba. Alfajiri karakana ina nyuzi 10 na jelikoti (tabaka la nje la boti) ya epoksi haishiki, yaani haigandi ikawa ngumu, mpaka siku ya pili. Aongeze hadena, ile dawa ya kugandisha? (Mzazi, Mkomani)*

Marahaba. La, asithubutu! Dawa ya kugandisha poliesta, rezini ya aina nyingine, ndiyo fundi huongeza au kupunguza kidogo hali ya hewa ikibadilika. Rezini ya epoksi (kimiminika chenyewe) na hadena yake ni kama viatu: kila wa kulia una wa kushoto wake. Hadena ikizidi, inayobaki haina pa kushika na kazi hubaki laini. Mimi mwenyewe niliwahi kukadiria kwa jicho. Wiki mbili baadaye ukibonyeza kidole gumba, alama inabaki.

Apime kwa mizani, halafu ashughulikie joto. Kwa makadirio, joto likishuka nyuzi 10, muda wa kushika huwa maradufu. Makopo yalale ndani ya nyumba, asubuhi yakalishwe kwenye beseni la maji ya moto yakiwa yamefungwa kabisa. Kalibu nayo ipashwe, maana rezini yenye joto ikimwagwa kwenye kalibu baridi hupoa papo hapo. Atumie hita ya umeme, siyo jiko la makaa wala la gesi: yanatoa mvuke na hewa chafu inayoharibu uso wa epoksi, na makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua mtu.

*Rezini imeganda chembechembe kama sukari. Niitupe? (Shela)*

Usitupe. Ipashe kwa maji ya nyuzi 50 hivi, koroga mpaka iwe angavu. Iache ipoe kabla ya kutia hadena, la sivyo itakugandia koponi.

*Nilipaka jioni, asubuhi nikakuta utelezi kama mafuta ya nazi. (Malindi)*

Huo ni hadena iliyopanda juu ikakutana na unyevu wa hewa. Osha kwa maji na sponji ya vyombo, kausha, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unausambaza tu. Huku kwetu, hata msimu wa kusi, unyevu unatusumbua kuliko baridi. Paka asubuhi, ishike kabla umande haujashuka.

*Jelikoti ya poliesta juu ya epoksi, yafaa? (Matondoni)*

Mara nyingi hainati vizuri. Piga msasa, upake rangi ya poliyurethani ya makopo mawili, rangi na hadena yake.