Maswali ya Wasomaji: Muda wa Nyongeza katika Futiboli ya Vyuo Vikuu vya Marekani

SWALI: Mechi iliisha sare baada ya robo ya nne. Saa ikasimama, kisha timu zote mbili zikashambulia upande uleule wa uwanja. Muda wa nyongeza wa vyuo unapimwaje?

JIBU: Haupimwi kwa dakika, unahesabiwa kwa zamu. Katika kila kipindi cha nyongeza kila timu hushambulia mara moja na kulinda mara moja. Hakuna teke la kuanzisha mchezo. Katika vipindi viwili vya kwanza mpira huwekwa kwenye mstari wa yadi 25 wa wapinzani, na timu hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10, kama kawaida. Ikizifikisha, inaanza kuhesabiwa upya. Zamu hukatika timu inapofunga, inaposhindwa kufikisha yadi hizo au inapopoteza mpira. Upande ni mmoja kwa wote, hivyo upepo na kelele za mashabiki havimbagui mtu.

Mwenye alama nyingi baada ya zamu mbili ameshinda. Zikilingana, kipindi kingine kinaanza. Mechi haiwezi kuisha sare. Mambo hayo yalikomeshwa msimu wa 1996.

SWALI: Kapteni alishinda kura ya sarafu, lakini akachagua kulinda kwanza. Si ameutupa mpira bure?

JIBU: Hapana, amechagua vizuri. Anayeshambulia wa pili anajua hasa anachohitaji, na mwenzake hakijui.

Tuseme wa kwanza ametoka mikono mitupu. Wa pili anahitaji teke la alama 3 tu, yaani kupiga mpira upite kati ya milingoti. Hata asiposogea yadi moja, teke hilo ni la takriban yadi 42: yadi 25, jumlisha 10 za eneo la kufungia, jumlisha 7 hivi ambazo mpigaji husimama nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo. Kocha makini atakimbiza mpira katikati mara mbili ili ukae sawa na milingoti, kisha apige teke katika jaribio la tatu badala ya kungoja la nne. Mpira ukirushwa vibaya kwa mshikaji, anaulalia tu, na jaribio moja bado lipo. Cha kuogopa hapo ni kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, kuangushwa nyuma ya mstari: yadi 8 zikipotea, teke la 42 linakuwa la 50, na wapigaji wengi wa vyuo huanza kuyumba.

Wa kwanza akipata alama 3, wa pili anaweza kulipa kwa teke au kumaliza kazi kwa tachidauni, yaani kuufikisha mpira kwenye eneo la kufungia kwa alama 6. Fainali ya ubingwa ya Januari 8, 2018 iliishia hivyo. Georgia walipiga teke, wakaongoza 23–20. Kwotabeki wa Alabama, Tua Tagovailoa, akaangushwa akapoteza yadi 16, kisha pasi iliyofuata ikamfikia DeVonta Smith kwa tachidauni ya yadi 41. 26–23, mechi ikaisha papo hapo.

Wa kwanza akipata tachidauni na teke la alama 1 linaloifuata, wa pili analazimika kucheza hata jaribio la nne, na akifunga anaweza kukataa sare. Boise State walifanya hivyo dhidi ya Oklahoma mnamo Januari 1, 2007: badala ya teke la alama 1 walicheza kutafuta alama 2, yaani kuuingiza mpira tena kwenye eneo la kufungia kwa jaribio moja, wakashinda 43–42.

Faida hii haibaki kwa timu moja. Kipindi cha pili, aliyeshindwa kwenye kura ndiye anayechagua, na hupokezana hivyo.

SWALI: Mbona baadaye niliona kila timu ikicheza mara moja tu, karibu kabisa na mstari?

JIBU: Hicho kilikuwa kipindi cha tatu au zaidi. Tangu 2021, katika kipindi cha pili anayefunga tachidauni haruhusiwi teke la alama 1. Lazima ajaribu alama 2. Kuanzia cha tatu, kila timu hupata mchezo mmoja tu, yaani jaribio moja la alama 2 kutoka yadi 3.

Chanzo ni uchovu. Novemba 2018 Texas A&M waliwashinda LSU 74–72 baada ya vipindi 7, na wachezaji walichoshwa na wingi wa majaribio yale. Mwaka 2019 utaratibu wa mchezo mmoja mmoja uliwekwa kuanzia kipindi cha tano, kisha ukasogezwa hadi cha tatu. Haujafupisha kila mechi: Oktoba 2021 Illinois waliwashinda Penn State 20–18 katika kipindi cha 9. Lakini vipindi 7 vya mwisho vilikuwa na mchezo mmoja tu kwa kila timu, na kwa miili ya vijana hao tofauti ni kubwa mno.

SWALI: Walinzi wakinasa pasi wanaruhusiwa kukimbia nayo hadi kufunga?

JIBU: Ndiyo, na wakifunga tachidauni mechi imekwisha. Wakiangushwa njiani, zamu ya wapinzani imekufa. Kama ilikuwa zamu ya kwanza, wao huanza yao kwenye yadi 25, popote walipoangukia.

Kosa la kawaida hutokea zamu ya pili, timu inayolinda ikiwa inaongoza. Mlinzi ananasa pasi, tamaa inamshika, anakimbia, mpira unamponyoka. Wapinzani wakiuokota hawapewi majaribio mapya, lakini wanaweza kufunga katika mchezo uleule. Mlinzi akishanasa pasi hapo, apige magoti tu.